Vigingi Vilivyosogezwa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Sisimizi alikanyaga udongo. Baba yake alikuwa mfyatuaji wa matofali, kama karibu wanaume wote wa kilimani. Baba alichimba, mama akamwaga maji, na binti akakanyaga mpaka udongo ukawa laini, tayari kutiwa kwenye kalibu, kisanduku cha kufyatulia matofali. Jina la Sisimizi alipewa na mjomba wake, kwa sababu alikuwa mdogo wa umbo lakini hachoki kubeba.

"Mpwa wangu," mjomba alizoea kumtania, "leo umebeba tofali, au tofali limekubeba wewe?"

Mjomba huyo alikuwa kaka wa mama, na aliishi bondeni pamoja na bibi. Watu wa bondeni walikuwa wakulima wa mboga, wenye asili yao na lafudhi yao. Kati ya ardhi yao na ya watu wa kilimani ulipita mstari wa vigingi vya chuma, lakini hakuna aliyevijali sana. Wa bondeni walijenga kwa matofali ya kilimani, wa kilimani wakala mboga za bondeni, na vijana wakaoana, kama walivyooana baba na mama yake Sisimizi.

Kisha udongo mzuri wa kilimani ukaanza kwisha. Ule uliobaki ulikuwa na mchanga mwingi, na matofali yake yakapasuka tanurini. Wanaume walikaa kando ya matanuri yaliyopoa wakitazama chini, kwenye mashamba yenye udongo mweusi unaonata.

Alasiri moja Sisimizi alikuwa akipanda njia kutoka kwa bibi, na kabichi kichwani. Akamkuta baba na wenzake wanang'oa vigingi.

"Baba, mbona mnaving'oa?"

"Tunavisogeza kidogo tu," baba alisema bila kumtazama. "Wale wana ardhi tele, hata kulima yote hawawezi."

"Lakini pale ni shamba la mjomba!"

"Mambo ya wakubwa hayakuhusu. Ukiulizwa, vigingi vilikuwa hapa tangu zamani. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Nyumbani mama alipopata habari, aliweka kisu chini. "Mume wangu, wahenga walisema ukipewa shibiri usichukue pima. Na wewe hata hiyo shibiri hukupewa."

"Umeolewa huku," baba akamjibu. "Wewe sasa ni wa huku."

Mama akakichukua kisu tena. Aliendelea kukatakata kabichi ambayo ilikuwa imekwisha kukatwa.

Kidogo kikazaa kidogo kingine. Vigingi vikasogezwa tena, na tena. Mashimo ya udongo yakameza matuta ya kabichi, na mvua ilipokuja yakajaa maji yenye mbu. Wa bondeni walilalamika, wakachekwa. Walipokuja na majembe kusimama mbele ya wachimbaji, maneno yakawa matusi, na matusi yakawa ngumi. Mtu mmoja wa kilimani akarusha tofali. Likampiga mjomba usoni, likamtoa jicho la kushoto.

Baada ya siku hiyo wa bondeni walichoma banda la kukaushia matofali. Wa kilimani nao wakang'oa miche yao. Mwishowe kila upande ukaziba njia kwa magogo, na vijana wakawekwa kulinda.

Bibi akaugua wakati njia imefungwa. Mama alishuka mpaka kwenye magogo, Sisimizi akiwa nyuma yake, akawasihi vijana wa bondeni wampitishe.

"Rudi kwa mumeo mchimba mashimo," mmoja alimwambia.

"Mdogo wangu, mimi nilikubeba mgongoni ulipokuwa mchanga. Mama yangu anaumwa."

Kijana aliinamisha kichwa. Lakini gogo hakuliondoa.

Siku chache baadaye kilio kilipanda kutoka bondeni. Mama alikuwa akianika matofali. Alisimama wima, mikono imejaa udongo, na hakuna aliyehitaji kumweleza. Vijana wa bondeni walimzuia tena njiani. Basi akakaa ukingoni mwa kilima, akatazama jeneza likipita kati ya mashamba, dogo kama kiberiti. Mama akamzika mama yake kwa macho.

Baba alisimama mbali. Alitaka kusogea, akashindwa.

Hatimaye afisa wa ardhi akatumwa. Afisa huyo, mwanamke mwenye sauti ya upole, aliita pande zote mbili kwenye darasa la shule, na watu wazima wakajibana kwenye madawati ya watoto. Wa bondeni waliapa kwamba mpaka umesogezwa. Wa kilimani nao wakaapa kwamba haujasogezwa.

Ndipo mjomba aliposimama, kitambaa kimefunika jicho. "Muulizeni mpwa wangu. Yeye ni wa kwetu na wa kwao."

"Aulizwe!" watu wa kilimani waliitikia, maana walijua anaishi kwa nani.

Sisimizi akaletwa mbele. Alimwona baba yake dirishani, na mama yake, ambaye tangu msiba alikuwa haongei.

"Usiogope, binti," afisa alisema. "Vigingi vilikuwa wapi?"

Machozi yakamtoka. "Vilikuwa juu, karibu na tanuri letu. Nisamehe, baba. Niliwaona mkivisogeza."

"Damu ya bondeni hiyo!" mtu akafoka. Kelele zikapanda, na wengine wakainuka kwenye madawati.

"Mwacheni mwanangu!" Baba alikuwa amesimama. "Amesema kweli. Niliving'oa kwa mikono yangu. Nilimfundisha uongo, naye ameukataa. Kama kuna wa kupigwa, nipigeni mimi."

Kelele zikafa. Hakuna aliyeapa tena.

Vigingi vikarudishwa na njia ikafunguliwa. Afisa aliamuru wa kilimani wafukie mashimo yote. Wa bondeni nao wakakubali kuwaruhusu wachimbe udongo kwenye ukingo wa kinamasi, mahali pasipolimika. "Mngeomba mapema, mngepewa," mmoja wao alisema.

Baba alikuwa wa kwanza kushika koleo katika shamba la mjomba.

"Shemeji," alisema, "jicho lako siwezi kulirudisha."

"Huwezi," mjomba akajibu. Akachukua koleo lake. "Anzia upande ule. Huku nitafukia mimi."

Mchana huo mama na Sisimizi walikwenda kaburini kwa bibi. Majani yalikuwa yameshaanza kuota juu yake.

"Mama, ningesema siku ile ile vigingi vilipong'olewa," Sisimizi alinong'ona, "ningekuwa nimemwokoa bibi?"

Mama alimvuta karibu. "Hapana, mwanangu. Mzigo huo si wako, ni wetu. Sisi wakubwa tuliona vigingi vikisogezwa hatua moja, tukasema ni kidogo. Anayemeza ardhi ya mwenzake hashibi, na anayenyamaza akitazama anamsaidia kumeza. Ukweli wako umerudisha mpaka. Jicho la mjomba wako haukuweza kulirudisha, wala kunipa nafasi ya kuushika mkono wa mama yangu. Ndiyo maana ukweli husemwa mapema, ungali una kitu cha kuokoa."

Akapiga magoti, akaanza kung'oa majani yale moja moja. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akalia kwa sauti.