Barafu Iliyofika Koboko

"Piga tairi," redio ilisema.

Drateru alipiga. Risasi moja ya Glock, na Subaru nyeusi ikaacha lami, ikatumbukia mtaroni karibu na kuingia Koboko, mji wa mpakani. Jasusi huyo aliruka kutoka kwenye pikipiki yake ya Bajaj, akamvuta dereva, Celestino, nje kwa ukosi wa shati.

Celestino alicheka. "Kamata tu, dada. Chupa ilishapasuka."

Kweli chupa ya kutunza baridi ilikuwa imepasuka.

Ndani mlikuwa na kipande cha barafu ya bahari ya ncha ya dunia, chenye viumbe visivyoonekana kwa macho. Dokta Peace wa Arua alivifuata huko kwa meli. Aliamini vingemfundisha kutunza chanjo bila friji, zifike kambini Lobule zikiwa nzima. Barafu vilikotoka ilishayeyuka yote. Havikuwepo vingine. Na Celestino alikuwa ameviiba, akivivusha mpaka kwa wanunuzi wa kigeni.

Drateru alibandika hadubini ndogo kwenye simu, akampigia Dokta Peace kwa video. Vijiumbe vya kahawia vilikuwa vikiteleza polepole.

"Peace, viko hai."

"Vipe baridi. Barafu yoyote. Upesi."

Alimkabidhi yule mwizi kwa askari wa doria aliyefika, akakimbilia kwa Fatumah, muuza barafu wa sokoni. Mwezi wa Ramadhani. Adhana ya magharibi ilikuwa ndiyo imekwisha.

"Mama, barafu iko?"

"Ilisha, binti yangu. Umeme hakuna tangu jana. Ile kidogo, watu yote nanunua ya kufungua." Akamtazama usoni. "Mgonjwa iko wapi?"

Drateru aliinua chupa.

Fatumah alitumbukiza mkono kwenye jagi la juisi ya karkade la wanawe, akatoa vipande viwili. Majirani nao wakaleta vyao, midomo ikiwa bado mikavu kwa kiu ya kutwa. Vilijaa kiganja kimoja tu, navyo vikayeyuka mkononi mwa Drateru, juu ya chupa.

Bastola ilikuwa kiunoni. Haikuwa na kazi.

Kwenye simu, kijiumbe kimoja kilisimama. Kisha kingine. Kisha vyote.

"Peace..."

"Naona." Alikuwa analia.

Redio ikakoroma. "Wanunuzi wamepata mzigo?"

"Hawakupata."

"Safi. Kazi nzuri."

Drateru alizima redio. Fatumah akamsogezea glasi ya karkade, ya uvuguvugu.

"Kunywa, binti yangu. Leo sisi yote nakunywa hivi."

Alikunywa wima, akavaa helmeti, akaondoka taratibu na chupa yake kwapani.