Nilimkataza Ndugu Yangu Kufungua Boneti

Nina umri wa miaka arobaini na mitatu, sina mume, nina binti mmoja aliye shule ya bweni, na kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikichapa mikataba ya watu katika ofisi ya mawakili katikati ya jiji la Nairobi. Ikumbukeni hiyo kazi yangu, wasomaji wenzangu. Mkifika mbele mtanicheka, na mtakuwa na haki.

Naishi Kileleshwa, orofa ya tatu. Lakini nilikulia Woodley, kwenye nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, ambayo mama yetu anaishi mpaka leo. Nasema mama yetu kwa sababu nina ndugu mdogo, Kyalo. Ni fundi wa magari. Ana kibanda cha mabati kando ya Ngong Road, ovaroli moja ya bluu, na mikono ambayo haitakati hata aioshe kwa sabuni ya namna gani.

Nilimwonea aibu. Haya, nimesema! Sitaki kuzungukazunguka.

Zamani, gari langu la kwanza lilipokuwa likisumbua, Kyalo alikuwa anakuja kulitengeneza pale chini tunapoegesha. Hakuwahi kunitoza hata nauli. Siku moja jirani yangu wa orofa ya pili, mama mmoja anayejisikia sana, aliniuliza kama huyo fundi wangu anaaminika. Nikamjibu, "Anajaribu." Anajaribu... Ndugu yangu wa tumbo moja! Na alikuwa pale pale chini ya gari, miguu yake imetokeza nje, anasikia kila neno.

Gari lile lilipochoka, nikaenda yadi kutafuta jingine. Kyalo aliomba tuandamane alikague kwanza. Nikamwambia asijisumbue. Pale yadi nikapokelewa na kijana aliyeitwa Dennis, mwenye viatu vilivyochongoka na manukato ya kuwatosha watu watatu. Alijiita mshauri. Mshauri, huyo! Mtu anauza magari yaliyokwisha kukaliwa na watu wengine miaka minane, eti mshauri.

Akaniuliza, "Madam, uko na fundi wako?"

Nikasema sina.

Macho yake yakang'aa. Akanitolea karatasi za waranti ya ziada, miaka miwili, kutoka kampuni moja yenye ofisi mjini. Gari likiharibika, kampuni inatengeneza. Likikwama njiani, linakuja brekidauni la kulivuta, na gari mbadala ndani ya saa moja. Akanionyesha kibandiko chekundu juu ya injini. "Hawa mafundi wa kando ya barabara wakigusa hapa tu, waranti imekufa. Lakini wewe, madam, hao hutawahitaji tena."

Unajua nilifurahia nini? Si injini. Si brekidauni. Nilifurahi kwamba sasa nilikuwa na sababu, tena ya maandishi, ya kumzuia Kyalo asije kulala chini ya gari mbele ya majirani zangu!

Nikatia sahihi kurasa saba bila kusoma hata moja. Mimi, mchapaji wa mikataba.

Miezi michache baadaye, Jumapili moja, nikaenda kumwona Mama. Nilipokuwa natoka, nikamkuta Kyalo amepiga magoti kando ya gari langu, anatazama matone chini. Akachovya kidole, akanusa.

"Sista, maji ya rejeta yanavuja. Itakuwa ni paipu. Hebu fungua boneti, ni kitu ya dakika kumi."

Nilimrukia! Nikamwambia asiguse, kuna waranti, na hayo si mambo ya kibanda chake. Akacheka, akaniuliza kama hiyo waranti ndiyo nitaipanda nikikwama. Sikucheka. Akasimama, akapangusa mikono yake kwenye suruali, na siku hiyo ilikuwa Jumapili, hakuwa ameshika grisi.

Nilipigia kampuni simu. Msichana mwenye sauti tamu akaniambia gereji yao imejaa, nitapewa nafasi baada ya wiki tatu. Nikasubiri. Nani angenishauri? Niliyekuwa naye nilikuwa nimemfukuza.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Kyalo alikuwa amepata mchumba, Nduku, mwalimu wa chekechea, msichana mtulivu mwenye kicheko kizuri. Siku ya ntheo ikapangwa, kabla ya zile wiki tatu za gereji kwisha. Kwetu Wakamba, hiyo ndiyo siku ya kupeleka mbuzi watatu kwa wazazi wa msichana, ijulikane kwamba ameshikwa. Bila ntheo, huna mke, una rafiki tu. Baba yake Nduku alikuwa mwalimu mkuu mstaafu huko Kangundo, mtu wa saa. Alisema saa tano asubuhi, na alimaanisha saa tano.

Mimi mwenyewe nilijitolea kumbeba Mama, wazee wawili wa kutusemea, na Kyalo. Nilitaka wakwe waone gari. Aibu ya fundi nilikuwa nayo, lakini sifa za dada mwenye gari nilizitaka! Mnaona nilivyokuwa mtu wa ovyo?

Mbuzi walitangulia alfajiri kwa pikapu ya mjomba. Sisi tukatoka Woodley saa mbili. Kyalo alikaa mbele kando yangu, amevaa suti ya kijivu, ya kwanza maishani mwake, na kucha amezisugua mpaka zimekuwa nyekundu.

Hatujafika mbali akaanza kuutazama mshale wa joto. Akaniambia kwa upole nisimamishe. Nikamjibu tukifika pale mbele. Akarudia. Nikamwambia asinifundishe kuendesha gari langu. Tukaingia Uhuru Highway, msongamano ukatushika, na pale pale mvuke ukafumuka kwenye boneti, mweupe, mpaka sikuona barabara.

Tulisukumwa kando na watu wema. Kyalo akavua koti, akalikunja vizuri, akamwekea Mama mapajani. Akakunja mikono ya shati.

"Fungua boneti, sista. Kuna jamaa wangu ako na hiyo paipu, ataituma na boda saa hii. Kwa nusu saa tumetoka hapa."

Wasomaji, kishikio cha kufungulia boneti kiko chini ya usukani, karibu na goti la dereva. Mimi nilikuwa nimeketi. Nikakifunika kwa goti.

Alinisihi. Ndugu yangu alinisihi pale dirishani kama mtu anayeomba chakula! Nikamwambia nimekwisha pigia kampuni, brekidauni liko njiani, na gari mbadala linakuja. Saa moja tu.

Saa moja ikapita. Ya pili nayo ikapita. Jua likapanda, Mama akajipepea kwa leso yake. Yule msichana wa sauti tamu kila mara ananiambia, "Wako karibu, madam." Kyalo akasema tuite teksi. Nikamuuliza kama anataka kuwapeleka wazee kwa wakwe na teksi, na gari la kampuni linakuja. Mjomba akapiga simu kutoka Kangundo: mbuzi washafika, wamefungwa kwenye uzio wa watu, wanalia, na hakuna mzee wa kusema wametoka kwa nani!

Ndipo mzee mmoja akachoka. Akauliza, "Kwani fundi ako hapa, na tunangoja fundi?"

Na mimi nikafungua huu mdomo wangu. "Mzee, hii si gari ya fundi wa jua kali."

Nilisema mbele ya Mama. Mbele ya wazee, siku yake, naye amevaa suti. Kyalo alikunjua mikono ya shati, akafunga vifungo kimoja kimoja, akaenda kusimama barabarani kutafuta teksi mwenyewe. Alipoipata, wakaingia wote. Mimi nikabaki na gari. Brekidauni lilikuja saa sita na nusu, na hilo gari mbadala sijaliona mpaka leo.

Yaliyotokea Kangundo nilisimuliwa na Mama kwa simu. Walifika saa tisa. Waalikwa walikuwa wamekula, wengine wameondoka. Mwalimu mkuu akawapokea getini, hakuwakaribisha ndani. Akamtazama Kyalo kuanzia viatu.

"Si wewe ni fundi wa magari? Na gari ikakushinda?"

Kyalo akasema, "Ndiyo, baba. Ilinishinda."

Basi! Hakunitaja. Hakusema dada yangu alinizuia. Alikubali kuonekana fundi asiyejua kazi, mbele ya baba wa msichana anayempenda, ili mimi nisionekane nilivyo. Mbuzi wakapakiwa tena kwenye pikapu, wakarudi Nairobi.

Mama aliniambia, "Kyalo alikufunika. Mimi nisingekufunika." Akakata simu.

Jumatatu nikapanda ofisi ya kampuni ile mjini, orofa ya sita. Dennis, yule mshauri, simu yangu hakushika tena. Nilimkuta bwana mmoja mwenye tai, anakunywa maji kwa utulivu wa mtu ambaye kazi yake ni kukataa. Akaniambia paipu haimo kwenye waranti, ni kitu cha kuchakaa. Injini nayo imeungua kwa sababu niliendelea kuendesha gari likiwa na joto. Kwa hiyo hakuna watakachotengeneza.

Nikapiga kelele! Nikamwambia nimelinda kibandiko chao, nimekataza fundi asiguse, nimekaa juani muda wa saa nne kwa ajili ya karatasi yao!

Hakukasirika hata kidogo. Akafungua ukurasa wa nne, akaugeuza upande wangu, akaweka kidole. Wakati wa dharura, mmiliki anaruhusiwa kumtumia fundi yeyote aliye karibu ili kuzuia uharibifu zaidi, kisha aijulishe kampuni.

Fundi yeyote aliye karibu...

Alikuwa karibu kiasi gani? Bega lake lilikuwa linagusana na langu! Na maneno hayo yalikuwa yameandikwa kwa herufi za kawaida kabisa, si ndogo, si za kujificha. Nimechapa vifungu vya namna hiyo mara elfu. Niliteremka orofa zote sita kwa miguu kwa sababu sikutaka kusimama na watu kwenye lifti.

Miezi miwili baadaye nikaona picha kwenye kundi la familia kwenye simu. Kyalo na suti ile ile, Nduku kando yake anacheka, mbuzi watatu, pikapu ya mjomba, Mama amekaa mbele kwa dereva. Ntheo ilifanyika. Mimi sikuambiwa. Niliandika hongera, na Kyalo akawajibu wote waliomwandikia isipokuwa mimi.

Gari likabaki pale chini, linakusanya vumbi. Nikaamua kuliuza jinsi lilivyo. Akatokea mnunuzi, mwalimu wa Woodley, akasema atakuja Jumamosi asubuhi, lakini atakuja na fundi wake. Mtu mwenye akili hununua gari hivyo.

Askari wa geti akanipigia simu. Nikateremka. Nilipofika chini nikaiona ile ovaroli ya bluu.

"Habari yako, madam," Kyalo akaniambia. "Naomba ufungulie boneti."

Niliingia kwenye gari nikavuta kile kishikio. Kumbe ni kitu chepesi hivi! Akainua boneti. Kibandiko chekundu kilikuwa pale pale, kizima, kinang'aa. Akakitazama kidogo, kisha akainama akaanza kazi. Alimwambia mwalimu ukweli wote: bodi ni nzuri, injini imekwisha, anunue tu kama ataweka nyingine. Hakuongeza, hakupunguza.

Wakati huo akapita yule jirani wa orofa ya pili. Akauliza kama huyo si yule fundi wangu wa zamani.

Nikasema kwa sauti, mbele ya mwalimu, mbele ya askari, "Huyu ni ndugu yangu. Tumezaliwa tumbo moja."

Kyalo akapangusa mikono kwa kitambaa.

"Hapana, mama," akamwambia jirani kwa adabu. "Mimi nimeletwa na mwalimu." Akateremsha boneti polepole, akaondoka.

Wenzangu mnaotaka kununua gari lililotumika, najua mnachouliza. Waranti ya ziada inafaa au haifai? Isome kabla ya kutia sahihi, kurasa zote, uone inachokataa kutengeneza, maana hapo ndipo gari kuukuu huharibikia. Mpe fundi anayekujua akuambie kama gari lenyewe linastahili hiyo karatasi. Na ujiulize unaitakia nini, kwa maana mimi sikuinunua kwa ajili ya gari.

Lakini kama fundi huyo ni ndugu yako, nakusihi, usifanye nilivyofanya. Mwite ndugu mbele ya majirani mapema, wakati bado ataitika.