Bahasha Iliyonukia Karafuu

Jumamosi, tarehe 10 Agosti 1974, saa nne na robo asubuhi, Roswitha Nagel, mkaguzi wa stempu wa maonyesho, aliweka kibano chake mezani, akavua miwani, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye meza ya keki:

"Hii ni feki."

Ukumbi wa hoteli moja mjini Celle, Ujerumani, ulikuwa umejaa wakusanyaji wa stempu, na waliokuwa wanatafuna waliacha kutafuna. Kitu alichokisema Roswitha ndicho kilichokuwa fahari ya maonyesho yote: bahasha ya mwaka 1851, imebandikwa stempu ya kwanza kabisa ya Ufalme wa Hannover, chapa nyeusi juu ya karatasi ya buluu iliyofifia. Mwenyewe alikuwa Anton Brüggemann, mzee aliyebakiza wiki moja kutimiza miaka themanini. Alikuwa amefundisha shule ya msingi mjini hapo miaka arobaini, na nusu ya chama cha wakusanyaji hao ilipitia mikononi mwake. Wote walimwita Mwalimu, na neno lake kuhusu stempu halikupingwa.

"Rudia," alisema Mwalimu.

"Feki, Mwalimu. Pole."

Daktari wa meno Ottomar Hasselbring, mwenyekiti wa chama, ndiye aliyepiga simu polisi. Alisema anafanya hivyo kwa heshima ya chama, na akasema mara mbili.

Inspekta Ingeborg Wichmann alifika saa tano kasorobo. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na sita, mzaliwa wa mji huo huo, na stempu kwake ilikuwa kitu cha kulamba na kubandika, basi.

"Nieleze kama unamweleza mtoto," alimwambia Roswitha.

"Kona hii ya stempu imeachia. Nimeinyanyua kidogo, nikamulika taa. Karatasi ya toleo lile ina alama ya maji, yaani fremu ya mstatili iliyofichwa ndani ya karatasi kuzunguka picha. Hapa ilitakiwa nione kona ya fremu. Naona nini? Hakuna kitu. Halafu gundi. Posta ya Hannover ilipaka gundi ya rangi ya waridi, kweli, lakini ya zamani namna hiyo huwa imepauka. Hii inang'aa kama pipi."

Wichmann aliinama kuangalia, na pua ikatangulia macho. Bahasha ilikuwa na harufu tamu, ya viungo. Akakumbuka biskuti za Krismasi za mama yake, na huu ulikuwa mwezi wa nane. Kisha akasoma anwani: Kwa Bwana Heinrich Hohls, Wienhausen. Ilikuwa kwa ule mwandiko wa Kijerumani wa zamani, herufi zimesimama wima, wino wa unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Aliisoma bila hata kutafuta miwani.

"Na wewe unaweza kuusoma mwandiko huu?" alimuuliza Roswitha.

"Mimi? Nimezaliwa arobaini na moja, sisi hatukufundishwa. Mimi naangalia stempu, Inspekta. Anwani ni kazi ya tarishi."

Inspekta aligeuza bahasha. Nyuma yake kulikuwa na neno moja la penseli, dogo na nadhifu: Halisi. Chini yake, A.B.

"Huyu ni mimi," alisema Mwalimu. "Niliithibitisha mwezi wa tano, nilipoinunua."

"Kwa nani?"

Mwalimu alikuwa ameikodolea macho bahasha, lakini ule upande wa anwani. Aliyejibu ni Daktari Hasselbring, kwa upole mwingi: "Kwa Detlef Kuhnt, kijana anayehamisha vyombo vya marehemu. Msimbane sana, Inspekta. Ana mambo yake ya nyuma, maskini."

Maskini! Kwa neno hilo moja ukumbi mzima ukawa umeshampata mhalifu wake.

*

Mambo ya nyuma yalikuwa haya. Miaka miwili iliyopita Detlef alichapisha tiketi bandia za kandanda, akakamatwa, akapewa kifungo cha nje. Jaji alimwambia wazi: kosa jingine, hata dogo, unaingia ndani. Sasa alikuwa na miaka ishirini na saba, na mkewe, Marlies, alikuwa na mimba ya mwezi wa tisa. Wichmann aliwakuta jikoni saa nane mchana siku hiyo hiyo, Marlies amekaa na miguu juu ya kreti ya bia.

"Nilijua," alisema Detlef. "Toka nilipoona gari. Marlies, sikukwambia? Mtu akishakosa mara moja, basi mji mzima ukipotelewa na kijiko wanakuja kwako."

"Keti, uniambie ilikotoka."

"Kwenye sanduku la nguo, la mti wa mwaloni. Nililitoa nyumba moja Wienhausen, bibi mmoja amekufa. Nikalipeleka chama, wao hupenda kuchakura makaratasi ya zamani. Lilikaa kule wiki nzima. Jumapili moja ya mwezi wa tano tukalifungua mbele ya watu, na bahasha nimeitoa mimi mwenyewe, kwa mkono huu."

"Ulijuaje pa kuangalia?"

Detlef alikuna kichwa. "Sikujua. Mtu alisema, angalia chini ya karatasi la kutandikia. Nani sasa? Walikuwa wanapiga kelele wote."

"Ufunguo wa chumba cha chama wako nao akina nani?"

"Mwalimu na Daktari. Mimi mtu wa kupewa ufunguo?"

Wichmann alimwonyesha picha ya bahasha. "Nisomee."

"Nisome hayo makucha ya kuku? Mama Inspekta, mimi hata mwandiko wangu hunishinda."

"Sanduku lenyewe liko wapi?"

"Bado lipo kule kule, Daktari kasema ni ushahidi wa ilikotoka bahasha, lisiondolewe," alidakia Marlies. "Detlef kaniahidi nitawekea nguo za mtoto. Sasa ataniletea kutoka jela?" Akaanza kulia, na hakujificha.

Wichmann alirudi kwenye gari. Kijana angeweza kuchapa stempu, hilo alilijua. Lakini anwani ile iliandikwa na mkono uliouzoea mwandiko huo.

*

Jumatatu saa tatu asubuhi alikuwa kwa Mwalimu Brüggemann. Mzee alimkaribisha kahawa, akamtolea na keki ya siagi, ila yeye hakugusa kitu.

"Mwalimu, niwie radhi, lazima niulize. Ufunguo unao. Mwandiko wa zamani unaujua. Ungeweza kuitengeneza bahasha, ukaiweka sandukuni, ukainunua mbele ya watu kwa bei ndogo na kuiuza kesho kwa kubwa."

"Naweza. Endelea."

"Niandikie anwani ile ile."

Mzee alichovya kalamu ya chuma kwenye wino. Herufi zake zililala zote kuelekea kulia, kali, nyembamba zikipanda na nene zikishuka. Wichmann alizitazama. Hivi ndivyo zilivyokuwa barua za bibi yake mzaa mama. Alipokuwa msichana barua hizo zilimtoa jasho, neno moja dakika nzima. Sasa inakuwaje barua ya bibi imshinde, halafu bahasha ya kabla bibi hajazaliwa aisome kama gazeti?

Akaweka picha ya bahasha kando ya karatasi ya mzee. "Hazifanani."

Mwalimu aliitazama picha muda mrefu, kidole kimesimama chini ya jina Hohls. Halafu akaigeuza kifudifudi.

"Hazifanani," alikubali.

"Kuna kitu unakiona, Mwalimu."

"Naona nimezeeka. Kunywa kahawa yako, Ingeborg, inapoa."

*

Saa kumi alasiri alikuwa kliniki kwa Daktari Hasselbring. Daktari alikuwa na miaka hamsini na minne, nadhifu, mcheshi. Mara ya mwisho Wichmann kumwona kwenye shughuli za chama, Mwalimu alikuwa anamkatiza hotuba ili kumsahihisha tarehe, na watu wanacheka. Daktari naye alicheka.

Inspekta alipofungua mlango wa chumba cha matibabu, harufu ilimpokea mlangoni. Biskuti za Krismasi.

"Harufu gani hii, Daktari?"

"Hii? Mimi siisikii tena. Mafuta ya karafuu. Tunayachanganya kwenye dawa ya kuziba jino, yanatuliza maumivu. Yanazuia na ukungu. Kwani jino linakusumbua? Panda kitini nikuangalie."

"Siku nyingine." Macho yake yalikuwa kwenye rafu, zilipopangwa seti za meno ya bandia. Fizi zake zilikuwa za rangi ya waridi, zinang'aa kama pipi. "Na rangi hiyo ya fizi mnaipata wapi?"

"Inakuja ya unga, tunachanganya wenyewe. Mbona maswali ya meno, Inspekta? Huyo Kuhnt amekiri?"

"Bado. Nimekuja kwa jambo jingine kabisa. Jumamosi Mwalimu anatimiza themanini, na chama hakijamwandalia kadi. Wewe ndiye mwenyekiti. Mwandikie, lakini kwa mwandiko wa zamani. Unajua anavyoupenda."

Hasselbring alitabasamu. "Hilo wazo zuri. Itakuwa tayari."

*

Jumapili tarehe 18, saa nne asubuhi, chama kilikutana kwenye chumba chake cha nyuma ya hoteli. Sanduku la mwaloni lilikuwa pembeni, limefungwa utepe wa polisi. Wichmann alimwita na Detlef, aliyesimama mlangoni na kofia mkononi. Kadi ilisomwa, watu wakapiga makofi. Kisha Inspekta akaiomba, akailaza mezani, na kando yake akalaza bahasha.

"Bi. Nagel alitazama stempu," alisema. "Sote tulitazama stempu. Anwani hakuna aliyeitazama, na mimi niliisoma bila miwani wala sikujiuliza kwa nini. Ni kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Herufi wima, unene mmoja, kalamu yenye ncha ya mviringo. Mwandiko wa Sütterlin. Ulianza kuingia shuleni kwetu mwaka 1915 na ukapigwa marufuku 1941. Mwaka 1851 hakuna mtu duniani aliyeandika hivi."

Waliokaa nyuma walisogea mezani kuona.

"Kwa hiyo si Kuhnt. Amezaliwa arobaini na saba, hawezi hata kuusoma. Si Mwalimu. Yeye alijifunza ule wa kabla yake, mkono wake umelala. Ni mtu aliyeingia darasa la kwanza katikati hapo."

"Kama wewe," alisema Hasselbring, akicheka. "Kama nusu ya chumba hiki."

"Kweli. Ila mimi gundi yangu hainukii karafuu, Daktari. Gundi hiyo ilitiwa tone la mafuta ili isiote ukungu, na ikachanganywa na rangi ya fizi. Kipande kilikwenda maabara Jumanne na majibu ninayo. Ufunguo wa hapa unao."

"Maabara!" Hasselbring alisimama. "Kila daktari wa meno Ujerumani hii ana mafuta ya karafuu. Na mwandiko wa shule ni wa shule, wote tuliandika sawa, walitupiga vidole mpaka tukaandika sawa! Utathibitishaje mkono wa mtu?"

"Hamkuandika sawa," ilisema sauti kutoka kwenye kiti cha heshima.

Mwalimu Brüggemann alinyanyuka polepole. Aliweka kidole kwenye bahasha, kwenye Heinrich, kwenye Hohls, kwenye Wienhausen. Kisha akakipeleka kwenye kadi yake ya siku ya kuzaliwa.

"Herufi h ina vitanzi viwili, juu na chini. Cha chini hiki hakijafungwa. Wala hiki. Wala hiki. Nilikwambia mwaka ishirini na sita, Ottomar. Nilikusimamisha ubaoni wiki nzima na bado hukukifunga."

Uso wa Daktari ulibadilika. Ucheshi wote ulimtoka, akabaki mtoto wa miaka sita mwenye mvi.

"Mbele ya darasa zima," alisema. "Na mpaka leo, Mwalimu, mbele ya chama kizima. Tarehe umekosea, Ottomar. Jina umekosea, Ottomar. Miaka hamsini kasoro! Mimi nilitaka mara moja tu uchukue kitu nilichokiandika kwa mkono wangu, useme ni sahihi. Na ulisema. Uliandika kwa penseli. Halisi."

"Na stempu ulitoa wapi?" aliuliza Wichmann.

"Niliichapa kliniki. Nilisema akishaithibitisha nitamwambia, tucheke. Kisha akailipa, akaiweka maonyesho, nikaona... sikujua tena niseme vipi."

"Ulijua kupiga simu polisi. Ulijua kutaja jina la Kuhnt."

Wichmann alimgeukia mzee. "Na wewe, Mwalimu? Umeitambua hiyo h lini?"

"Palepale, Jumamosi ile, bibie aliposema feki. Mwezi wa tano niliitaka sana iwe ya kweli, sikuona kitu. Niliona haya. Ningesemaje kwamba nimedanganywa na mwanafunzi wangu aliyekuwa wa mwisho kwa mwandiko? Nikasema mwenyewe, ngoja, polisi watajua."

Hapo ndipo Detlef alipozungumza, kutoka mlangoni.

"Kwa hiyo mlikuwa mnajua wote wawili. Siku nane. Mke wangu halali, mtoto anazaliwa wakati wowote. Mimi nifungwe kwa ajili ya herufi?"

Daktari alivaa koti lake bila kuambiwa, akatangulia na askari aliyekuwa akingoja nje.

"Mama Inspekta," alisema Detlef, "sanduku langu naweza kuchukua?"

Wichmann alikata utepe. Sanduku lilikuwa la mwaloni mtupu, mzigo wa watu wawili. Detlef alishika mpini wa upande mmoja. Mwalimu Brüggemann, miaka yake themanini na siku moja, akaenda akainama, akashika mpini wa upande wa pili.

"Acha, Mwalimu," alisema Detlef. "Nitabeba mwenyewe."

Akaliburuta mpaka mlangoni, na likaacha mchirizi mrefu sakafuni.