Somo la Watu Wawili

Priscille alimtambua kwa shati. Kati ya watu waliobanana kwenye bomba la maji, kambini karibu na uwanja wa ndege wa Bunia, ni Liévin peke yake aliyeweza kukimbia vita na bado akavaa shati jeupe lililopigwa pasi. Priscille alitua bidoni yake tupu ya maji, akakaza kitenge kiunoni, akamwendea.

"Weye," alisema. "Ulifuta jina langu."

Liévin alikuwa amenyoosha mikono amkumbatie. Ikabaki hewani.

Miezi tisa ilikuwa imepita tangu waonane mara ya mwisho. Kwenye chuo cha ualimu, mwalimu wao Baudouin aliwapanga wawili wawili watayarishe somo moja na kulifundisha pamoja. Wiki tatu walikaa kwa shangazi yake Priscille, mtaa wa Saio, wakibishania hesabu za sehemu: nani aanze, nani aulize, mtoto asiyeelewa asaidiwe vipi. Katika kubishana huko wakapendana. Siku ya somo, vizuizi vya barabarani vilimchelewesha Priscille. Alipofika, alimsikia Liévin akifundisha peke yake kwa maneno aliyoyatunga yeye Priscille. Karatasi ya somo ilikuwa imebandikwa mlangoni, jina la Priscille limekatwa kwa wino. Mchana ule ule risasi zikaanza, kila mtu akakimbilia upande wake.

"Batu ya bunduki walikuja asubuhi," Liévin alisema kwa sauti ya chini. "Walikuwa wanatafuta majina ya batu ya Djugu kama weye. Nilifuta yako ili wasikupate."

"Sawa. Na walipoenda? Mwalimu alikupatia alama ngapi?"

Liévin aligeukia bomba la maji.

"Ngapi, Liévin?"

"Dix-sept. Kumi na saba kwa ishirini."

"Ulimwambia iko kazi ya nani?"

"Nilisema iko yangu."

"Basi bunduki ilifuta jina, na weye ukakula points."

Priscille alibeba bidoni yake akaenda, maji hakuchota.

Siku ya tatu Liévin alifika kwenye hema alimofundisha Priscille watoto wa kambi. Alileta barua ya mwalimu Baudouin, ambaye naye alikuwa amekimbilia kambini: Liévin amekiri, alama zimefutwa, somo lirudiwe na wote wawili. Priscille aliisoma mara mbili, akamrudishia.

"Batoto iko sabini. Kaa, tutayarishe."

Liévin alitaka waanze na maelezo ubaoni. Priscille akamnyang'anya chaki, akampa kisu na muhogo. "Kata muhogo kwanza. Batoto iko na njaa, kugawa wataelewa."

Wakafundisha. Liévin alipokwama, Priscille aliingia. Sauti yake ilipokauka, Liévin aliendelea pale pale alipoachia.

Watoto walipotoka, Liévin alisema, "Nataka nikuoe."

"Kasirani yangu haijaisha."

"Najua."

"Inaweza kukaa mwaka muzima."

"Ikae. Tutaishi nayo."

Priscille alikusanya maganda ya muhogo. "Utasema mbele ya shangazi yote uliyofanya. Hata zile points."

"Nitasema."

"Basi kuja kwa hema yetu na shangazi siku ya yenga, tukitoka misa," alisema, uso bado umekunjwa. Lakini Liévin alipomshika mkono, hakuuondoa.