Ndiyo ya Darasa la Sita

Kila kipindi cha Kiingereza katika darasa la sita, shuleni Mlingotini, kilimalizika kwa namna moja. Mwalimu Shamsudin aliweka chaki mezani, akapangusa mikono na kuuliza, "Tumeelewana?" Darasa zima likaitikia, "Ndiyooo, mwalimu!" Sauti iliyovuma kuliko zote ilikuwa ya Sabiha, ambaye hakuwa ameelewa hata chembe.

Wiki hiyo somo lilikuwa vivumishi. Mwanafunzi alitakiwa apigie mstari kivumishi, aache nomino, kitenzi na kielezi. Jambo dogo hilo, ungedhani! Lakini daftari la Sabiha lilirudi limejaa wino mwekundu. Jaribio lilikuwa Ijumaa, na atakayefeli angetolewa kwenye timu ya mdahalo inayokwenda Bagamoyo mjini. Sabiha alikwishatamba mtaa mzima kwamba atakwenda.

Jioni alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, jicho moja kwenye daftari. Sentensi ilisema, "The tall boy runs fast." Alikuwa amepigia mstari "runs", akapewa kosa. Kwa nini? Kwa Kiswahili husemwa kijana mrefu, nyumba kubwa. Sifa hufuata jina. Naye alipigia mstari neno lililofuata "boy".

"Kiingereza hiki kina wazimu!" alifoka, akalitupa daftari. Likaangukia kwenye bakuli la nazi.

"We Sabiha!" mama yake, Bi Mwaija, aligutuka. "Nazi imekukosea nini?"

"Sielewi, mama! Nimechoka! Nitaachwa na timu!"

"Umemwambia mwalimu?"

"Akiuliza, wote tunasema ndiyo."

"Na wewe unasema?"

Sabiha aliinama, akapangusa nazi kwenye daftari. Machozi yalimlengalenga kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe.

"Mbona chuoni kwa ustadhi, kwenye Kurani, husemi ndiyo ya uongo?" mama aliuliza.

"Ustadhi ataniacha nidanganye? Kule kila mtu anasoma peke yake mbele ya ustadhi. Ukikosea, unaambiwa rudia."

"Haya, maliza nazi, wali unangoja tui," alisema mama.

Kesho yake Mwalimu Shamsudin aliuliza kama kawaida. "Ndiyooo!" liliitikia darasa, lakini Sabiha alifumba mdomo.

"Sabiha, leo koo linauma?"

Alisimama. "Hapana, mwalimu. Sijaelewa. Tangu Jumatatu."

Darasa liliangua kicheko, na Rajabu wa dawati la nyuma alicheka kuwashinda wote.

"Vizuri, Rajabu. Njoo umwoneshe mwenzako."

Rajabu alikwenda ubaoni, kwenye sentensi ile ile ya "The tall boy", akajikuna kichwa, kisha akapigia mstari "runs". Kicheko kikakatika. "Nani mwingine hajaelewa?" aliuliza mwalimu. Mikono ilianza kunyooka, mmoja mmoja, hadi ikawa nusu ya darasa. Mwalimu alishusha pumzi kwa uchungu.

"Mwalimu," Sabiha alisema, "tungejibu mmoja mmoja, kama chuoni."

Mwalimu akakubali. "Msitazame neno limekaa wapi. Jiulizeni linawaambia nini. Haya, Sabiha, kijana yukoje?"

"Tall."

"Anafanya nini?"

"Runs."

"Anakimbiaje?"

"Fast." Aliitazama tena sentensi ubaoni. "Kumbe kivumishi ni 'tall'!"

Kila mtoto akajibu kwa zamu yake. Aliyekosea aliambiwa rudia, wala hakuna aliyemcheka, maana kila mmoja aliiona zamu yake inakuja. Ijumaa Sabiha alikosa maswali mawili tu, akabaki kwenye timu.

Alipokuwa akirudisha madaftari, Mwalimu Shamsudin alisema, "Wanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Ile 'ndiyo' yenu iliwadanganya ninyi, ikanidanganya na mimi. Asiyesema amekwama, nani atamkwamua?" Kisha akaweka chaki mezani. "Tumeelewana?"

Wanafunzi wakatazama kwanza madaftari yao. Halafu Rajabu akanyoosha mkono taratibu.

"Bado kidogo, mwalimu."

Mwalimu Shamsudin akatabasamu, akaichukua tena chaki yake.