Ngazi ya Kati ya Mwanakombo

Huko Korogwe aliishi Mwanakombo. Jina refu, msichana mfupi.

Kila Jumamosi wasichana watatu walikaa kwenye ngazi za baraza, kusukana. Dada Siwatu juu. Mwanakombo katikati. Chausiku chini.

Siwatu alimsuka Mwanakombo. Mwanakombo alimsuka Chausiku. Chausiku alimsuka mwanasesere wake wa gunzi.

Kwaru, kwaru, kwaru! Chanuo likapita.

Jumamosi moja, chanuo likasita.

"Mh!" akasema Siwatu. "Hapa hapana nywele."

Palikuwa na kiduara kitupu, laini kama ganda la yai.

"Mapunye!" akapiga kelele Chausiku. "Yanaambukiza! Usiniguse, shoga!" Akakimbia na gunzi lake.

Mwanakombo akajifunga mtandio, akaingia ndani. Ngazi ya kati ikabaki tupu.

Mama akampeleka kwa Daktari Mhina. Daktari akatazama, akatazama tena.

"Si mapunye, mjukuu wangu. Jina lake ni alopesia."

"A-lo-pe-sia," akasema Mwanakombo. Jina refu, kama lake!

"Mwilini mna askari wadogo sana. Hufukuza magonjwa. Askari wako wamekosea. Wameona nywele, wakadhani ni wezi."

Mwanakombo akacheka. "Wezi? Nywele zangu?"

"Ndiyo. Lakini alopesia haiambukizi mtu."

"Nywele zitarudi?"

"Huenda zikarudi, huenda zisirudi. Tutajaribu dawa. Wewe ni Mwanakombo yule yule."

Jumamosi ikafika. Mwanakombo akasimama mbele ya ngazi. Akavua mtandio.

"Si mapunye," akasema. "Ni a-lo-pe-sia. Haiambukizi. Askari wangu wamekosea tu."

Chausiku akakodoa macho. "Askari? Wako wapi?"

"Humu ndani."

Chausiku akasogea. Akainama juu ya kiduara. "Nyie askari! Hizo ni nywele, si wezi! Tulieni!"

Siwatu akacheka mpaka chanuo likamponyoka.

"Nisamehe, shoga," akasema Chausiku. Nywele zake zilikuwa timutimu. "Hebu nisuke. Nimekuwa kama fagio! Hata gunzi langu limebaki na nywele tatu, nami nalipenda."

Mwanakombo akakaa. Ngazi ya kati, mahali pake.

Siwatu akasuka nywele zilizopo. Kiduara akakipita polepole.

Kwaru, kwaru, kwaru!

Usiku, kitandani, Mwanakombo akagusa kiduara chake.

"Laleni, askari," akanong'ona. "Hapa hakuna mwizi."

Kisha naye akalala.