Uji Mzito wa Mbuke

Kila alfajiri Limi alikoroga uji wa mtama huku karasha, zile mashine za mgodini Rwamgasa, zikianza kusaga mawe ya dhahabu. Mumewe, Maganga, alikunywa kikombe kimoja, kisha akaenda kwenye duara, lile shimo refu wanalochimba. Limi alibaki na mtoto wao wa miezi tisa, Mbuke.

Ndani kulikuwa kimya. Kimya hicho ndicho kilichomtisha Limi. Mbuke alikuwa ameacha kulia. Alikaa tu mkekani, shingo nyembamba, macho makubwa, akitazama kona ambako marehemu bibi yake alizoea kukaa. Hakupepesa. Wakati mwingine Limi naye aligeuka kuitazama, mwili ukamsisimka.

Mtoto wao wa kwanza, Lusia, alinyamaza hivyohivyo. Wiki tatu baadaye walimzika.

Mbuke alipewa jina la bibi huyo, mama yake Maganga.

"Mama anadai chakula chake," Maganga alisema. "Alipenda uji mzito. Tukimnyima, atamchukua wajina wake."

Basi kila alipopika, Limi aliacha uji utulie. Ule mzito wa chini aliuweka kwenye bakuli nyuma ya nyumba. Majimaji ya juu alimpa mtoto. Alijua hayatamkaba koo. Akirudi kuangalia, bakuli lilikuwa tupu, limelambwa likang'aa. Hakuwahi kusikia hatua za mtu.

Jumapili moja, Maganga akiwa nyumbani, alikuja Bhoke, jirani yao, mhudumu wa afya wa kitongoji.

"Hodi! Mama Mbuke, nyumba yenye mtoto inakuwaje kimya hivi?"

"Karibu, dada. Bibi yake anamwita," Limi alinong'ona.

Bhoke hakucheka. Alimpakata Mbuke, akamzungushia mkononi utepe wa kupimia lishe. Alama ilisimama kwenye rangi ya njano.

"Ingekuwa nyekundu, tungekimbia hospitali sasa hivi," alisema. "Kesho asubuhi mpelekeni zahanati. Lakini kula, aanze leo. Mtoto ana njaa."

"Njaa?" Maganga alifoka. "Anakunywa uji mara nne kwa siku!"

"Leteni niuone."

Bhoke alichota, akainamisha kijiko. Uji wote ukamwagika.

"Shemeji, huu si uji. Haya ni maji yaliyopita karibu na unga."

Limi alijikuta anacheka. Kisha machozi yakamtoka. "Lusia naye nilimpa hivi. Ni mimi niliyemmaliza?"

"Hapana, Mama Mbuke. Hakuna aliyekufundisha." Bhoke alimshika mkono. "Sikiliza. Hadi miezi sita, mtoto ananyonya tu. Akitimiza sita, anaanza uji, vijiko viwili au vitatu, na tunaongeza taratibu. Uwe mzito, ukae kwenye kijiko. Tumbo lake ni dogo. Ukilijaza maji, nguvu itakaa wapi?"

"Mtama peke yake unatosha?"

"Hautoshi. Tia karanga zilizosagwa laini, au maziwa uliyoyachemsha. Siku nyingine mpe yai lililoiva, dagaa waliotwangwa, au mchicha. Sasa ana miezi tisa, basi nusu bakuli, mara tatu au nne kwa siku, na bado anyonye. Nawa mikono kwa sabuni. Awe na bakuli lake. Mlishe polepole, ukizungumza naye."

"Na mama yangu?" Maganga aliuliza.

"Alipokuwa hai, wajukuu wakiwa na njaa, nani alikula kwanza?"

Maganga aliinamisha kichwa. "Alikuwa anawapa hata chakula chake."

Bhoke alipoondoka, alimnong'oneza Limi mlangoni: "Halafu mbwa wa mtaa huu, mbona wamenenepa?"

Limi alikoroga uji upya, ukawa mzito, akatia karanga. Maganga mwenyewe ndiye aliyeshika kijiko. Mbuke aliitazama ile kona. Kijiko cha kwanza alikitema. Cha pili alikimeza. Kisha, polepole, aligeuza macho akamtazama baba yake.

Kesho yake walikwenda zahanati, na wakawa wanarudi kila walipopangiwa. Miezi miwili baadaye utepe ulisimama kwenye kijani. Mbuke alikuwa anatambaa, na bakuli likichelewa alipiga kelele hata majirani wakamtania mama yake.

Siku ya mnada Limi alisimama mbele ya nguo za watoto. Tangu Lusia afariki, hakuwahi kumnunulia mtoto nguo asiyoweza kuivaa siku hiyohiyo. Alichagua gauni jekundu.

"Mama, hilo litamtosha mwakani," muuzaji alimwambia.

"Najua," alisema Limi. "Nifungie hilohilo."